Nyumba ya nani, mtoto wa nani: sheria ya talaka Tanzania inasema nini hasa

Panda daladala jioni, mtu mmoja tu ataje msanii aliyeachana na mkewe, na kabla hamjafika Ubungo gari zima lina wanasheria. Mmoja atasema siku hizi ni pasu kwa pasu, hata kama mwanamke hakuleta kijiko. Mwingine atacheka na kumkumbusha yule mcheza mpira wa ng'ambo aliyesemekana kuandikisha kila kitu kwa jina la mama yake, mke akaambulia patupu. Mama wa siti ya nyuma atamalizia kwamba mali si hoja, hoja ni watoto, na mtoto akitimiza miaka saba ni wa baba, basi.

Kila mmoja wao ameshika kipande cha ukweli, ndiyo maana ni vigumu kumbishia. Tatizo ni kipande kilichobaki. Ninayoeleza hapa ni ya Tanzania Bara, ambako ndoa inaongozwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na masuala ya watoto yanaongozwa pia na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Zanzibar sheria hiyo ya 1971 haifiki. Kule ndoa za Waislamu na mivutano yake hupelekwa Mahakama ya Kadhi. Kwa hiyo shemeji yako wa Unguja akikusimulia yaliyomkuta, msikilize kwa huruma, lakini usiyafanye mwongozo wa shauri lako la Temeke.

Nusu ya ubishi hutokana na maneno, kwa hiyo tuanzie hapo. Kuachana ni jambo la nyumbani: mmoja kafungasha, mwingine kabaki na funguo. Kutengana kisheria ni amri ya mahakama inayowaruhusu msiishi pamoja, ila ndoa iko palepale. Talaka ndiyo inayoikata ndoa, na hapa wengi hujikwaa, kwa sababu kwa ndoa ya Bara talaka inayoikata kisheria ni ile inayotolewa na mahakama. Mume anaweza kutamka talaka tatu mbele ya mashahidi, sheikh akaandika karatasi, mke akakaa eda mpaka ikaisha. Kidini wamemalizana. Serikalini bado ni mke na mume.

Karatasi ile si bure, lakini. Kifungu cha 107 cha Sheria ya Ndoa kinasema kwamba kwa waliofunga ndoa ya Kiislamu, baraza likishajaribu kuwapatanisha likashindwa, kisha mmoja wao akafanya jambo ambalo kwa sheria ya Kiislamu linavunja ndoa, basi mahakama itaona kuwa ndoa imevunjika na itatoa talaka. Maana yake talaka ya sheikh inakurahisishia njia ya mahakamani, ila njia yenyewe ni lazima uipite. Asiyeipita huja kugundua siku ya msiba, wanawake wawili wanapokaa kwenye mikeka miwili na kila mmoja anadai ndiye mjane.

Hilo baraza ni lipi? Ni baraza la usuluhishi wa ndoa. Sheria inataka liwepo katika kila kata, na jumuiya za dini nazo zinaweza kuwa na la kwao. BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, wanalo, makanisa mengi pia. Kazi yake si kutoa talaka wala kugawa vyombo. Ni kuwasikiliza, kujaribu kuwarudisha pamoja, na ikishindikana kuandika cheti kinachosema hivyo, ambacho watu wa mahakamani hukiita Fomu namba 3. Ombi la talaka likifunguliwa lazima liambatane na cheti hicho, na kisiwe kimepita miezi sita tangu kitolewe. Ziko hali ambazo mtu husamehewa hatua hii: mwenzi ametoweka na hajulikani alipo, yuko nje ya nchi na hatazamiwi kurudi ndani ya miezi sita, amegoma kuitikia wito wa baraza, amefungwa kifungo cha maisha au kisichopungua miaka mitano, au kuna jambo lisilo la kawaida linalofanya usuluhishi usiwezekane.

Watu wengi hukichukulia cheti kile kama muhuri wa kupitia tu. Ni kosa la gharama kubwa. Zipo kesi zilizopanda ngazi zote hadi Mahakama ya Rufani, na majaji wakazifuta tangu mwanzo kwa sababu baraza halikuandika wazi kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Miaka ya nauli, mawakili na vilio, yote imerudi sifuri kwa sababu ya sentensi moja.

Ukiwa na cheti, unaweza kuanzia Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au hata Mahakama Kuu. Zote zina mamlaka, na wengi huanzia Mwanzo kwa kuwa iko karibu. Ndoa ikiwa haijatimiza miaka miwili, inabidi kwanza uombe ruhusa ya kufungua ombi. Kisha hakimu atajiuliza jambo moja tu: je, ndoa hii imevunjika kiasi cha kutotengenezeka? Uzinzi, ukatili wa mwili au wa akili, kutelekezwa kwa miaka isiyopungua mitatu, kifungo kirefu, hivyo ni vielelezo vya kujibu swali hilo. Havifanyi kazi kama kitufe, kwamba ukithibitisha kimoja talaka inadondoka.

Kikoba kisicho na daftari

Sasa mali. Aliyewahi kuwa kwenye kikoba anaijua siku ya kuvunja. Mweka hazina anafungua daftari na kusoma: huyu ana hisa kadhaa, yule kadhaa, na huyu hapa mkopo wake haujaisha, unakatwa kwanza. Hakuna anayesimama kudai wote wagawane sawa. Wala hakuna anayesema fedha zote ni za mweka hazina kwa kuwa sanduku lilikuwa linalala kwake.

Mgawanyo wa mali ya ndoa chini ya kifungu cha 114 unafanana sana na siku hiyo, isipokuwa kwa balaa moja: mmeweka hisa miaka 15 na hakuna aliyeandika. Hakimu anapokea watu wawili wenye hasira, kila mmoja ana daftari lake kichwani, na anatakiwa aandike moja la kweli.

Swali la kwanza ni kipi kimo sandukuni. Sheria inazungumzia mali iliyochumwa wakati wa ndoa kwa juhudi za pamoja. Shamba ulilorithi kwa babu yako Njombe, au kiwanja ulichonunua ukiwa kapera, hakimo. Ndoa peke yake haihamishi umiliki. Lakini kuna mlango, na watu hawauoni mpaka wamegonga nao kichwa. Chukua mfano wa fundi magari aliyesimamisha vyumba viwili Chanika kabla hajaoa. Akaoa. Mkewe akauza chapati na supu asubuhi, hela ikanunua bati na saruji, na yeye ndiye aliyekuwa akisimamia mafundi mume akiwa gereji. Baada ya miaka tisa pana vyumba sita, choo cha ndani na uzio. Sheria inasema mali iliyokuwa ya mmoja kabla ya ndoa, ikiendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake au na wote wawili, inaingia kwenye hesabu. Kupaka rangi sebule hakutoshi. Vyumba vinne vya nyongeza, hiyo ni habari nyingine.

Swali la pili ndilo lililowahi kuigawa mahakama yenyewe: hisa ni nini? Sheria inataja mchango wa fedha, mali au kazi. Kwa miaka ya mwanzo majaji walitofautiana. Wapo waliosema kazi maana yake ni kazi ya kuchuma, na mwanamke aliyekaa nyumbani akipika na kulea alikuwa anatimiza wajibu wake wa mke tu, kwa hiyo hakuchangia kitu. Wengine walisema hapana, mwanamume asingeweza kujenga kama asingekuwa na mtu wa kumshikia nyumba. Mahakama ya Rufani ilimaliza ubishi huo mwaka 1983, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, katika shauri ambalo wanasheria mpaka leo huliita kesi ya Bi Hawa. Iliamua kwamba kazi za nyumbani ni mchango.

Kinachosahaulika ni mwisho wa kesi ile. Bi Hawa alishinda hoja, lakini nyumba hakuipata. Ilionekana kwamba wakati wa ndoa mumewe alimpa shilingi 15,000 za kuanzishia biashara ya familia, zikapotea mikononi mwake, na mahakama ikahesabu kwamba sehemu yake alikwisha kuipokea. Mimi kila nikiisimulia kesi hii naona watu wanakatika vipande viwili, wanaoshangilia nusu ya kwanza na wanaoshangilia ya pili, na ni wachache wanaozipokea zote. Lakini ndivyo daftari lilivyo. Kilichoingia kinaandikwa na kilichotoka kinaandikwa.

Basi pasu kwa pasu imetoka wapi? Imetoka kwenye kifungu hichohicho. Baada ya kutaja mchango wa kila mmoja, madeni yaliyoingiwa kwa faida ya wote, mahitaji ya watoto na mila za jamii husika, sheria inasema mahakama, ikishazingatia hayo, ielekee kwenye usawa. Ielekee. Mtu wa daladala amelisikia neno usawa, akaliacha neno kuelekea barabarani. Ndiyo maana utakuta hukumu ya nusu kwa nusu, na nyingine ya asilimia 30 kwa 70, na zote mbili ni halali, kwa sababu ushahidi ulikuwa tofauti. Wakenya nao wamepita njia hiyo. Katiba yao inasema wanandoa wana haki sawa, sheria yao ya mali ya ndoa ya mwaka 2013 inatambua hata malezi ya watoto na kazi za shambani kuwa mchango, lakini Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema usawa huo haumaanishi kwamba kila mmoja anachukua nusu moja kwa moja. Mchango lazima uthibitishwe.

Kuhusu jina kwenye hati: jina ni dalili, halijawa hukumu. Sheria inaanza kwa kudhani kwamba mali yenye jina la mmoja ni yake, na yenye majina ya wote wawili ni yao kwa usawa, kisha inamruhusu anayepinga alete ushahidi. Kwa hiyo mume mwenye hati ya jina lake peke yake hajashinda, amepata tu nafasi ya kuanza mbio hatua mbili mbele. Na ile mbinu ya jina la mama? Hapa niwe mkweli, maana wengi huandika kwa haraka kwamba haifanyi kazi. Inafanya kazi kiasi cha kumchosha mwenzako. Mali ikiwa kwa jina la mtu wa tatu, mahakama haiwezi kuigawa kana kwamba mtu huyo hayupo. Naye ana haki ya kusikilizwa. Atakayedai kuwa fedha zilizonunua zilitoka kwenye ndoa atabeba mzigo wa kuthibitisha. Akithibitisha, jina la mama halitaizuia mahakama kuuona ukweli. Ila mwanamume anayepanga hivyo ajue pia kwamba mama ana watoto wengine, na siku mama akifariki ile nyumba itaitwa mirathi.

Nyumba mnayoishi ina ulinzi wake. Hata kama ni ya mmoja, haiwezi kuuzwa wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi wakati ndoa ipo, na ndiyo maana benki hung'ang'ania saini ya mke au mume kabla ya kutoa mkopo. Anayehofia mwenzake anatafuta mnunuzi kimyakimya anaweza kuweka zuio kwa msajili wa hati, na afanye hivyo mapema, kabla dalali hajaanza kuleta wageni.

Madeni nayo yanagawanywa. Mkopo wa kausha damu, ule wa riba kali, uliolipia ada ya watoto ni wa wote hata kama aliyeweka kidole ni mmoja. Uliolipia mechi za kubeti ni wako.

Na lile la kwamba aliyezini anaondoka mikono mitupu? Kosa la ndoa linasaidia kuthibitisha kuwa ndoa imevunjika. Halifuti matofali aliyonunua mtu. Litagusa mgawanyo pale tu lilipopunguza mchango wenyewe, kwa mfano mtu alipohamishia mapato ya duka kwa nyumba ndogo miaka minne mfululizo.

Anayeingia mahakamani, basi, ahangaike na ushahidi kuliko na hasira. Risiti za vifaa vya ujenzi, miamala ya simu, taarifa ya benki, mkataba wa mauziano wenye saini ya mjumbe, fundi aliyepokea hela kutoka mkononi mwako, jirani aliyekuona ukimwagilia tofali. Mchango wa kazi za nyumbani hauna risiti, lakini una mashahidi, na miaka yenyewe inahesabika. Nimewaona watu wakisimulia saa nzima jinsi walivyotukanwa na mawifi, na swali la nani alinunua kiwanja wakalijibu kwa sentensi moja: "Tulinunua wote." Hakimu ameandika sentensi hiyo moja, na hana cha kuongeza.

Walioishi bila cheti cha ndoa

Mtaani wanasema ukikaa na mwanamke miezi sita ni mkeo. Sheria haijawahi kusema miezi sita. Kifungu cha 160 kinasema miaka miwili au zaidi, tena kwa namna ambayo jamii inawajua kuwa ni mume na mke, ndipo panakuwa na dhana kwamba wameoana. Dhana ni kitu kinachoweza kubomolewa. Ikionekana kwamba mwanamume huyo muda wote alikuwa na ndoa ya kanisani ambayo haijavunjwa, haiwezi kusimama, kwa sababu ndoa ile haiachi nafasi ya mke wa pili. Hata hivyo mwanamke haondoki kama mgeni: sheria inampa nafasi ya kuomba matunzo yake na ya watoto, na mahakama zimekuwa zikigawa mali ambayo wawili hao waliichuma pamoja.

Watoto hawamo sandukuni

Mfano wa kikoba unaishia hapa. Mtoto si hisa. Hapimwi kwa nani alichangia zaidi, wala kwa nani alitoa mahari. Mahari ilihusu ndoa, na kwenye suala la mtoto akae na nani mahakama ina kipimo kimoja kinachotangulia vingine vyote: maslahi ya mtoto mwenyewe.

Miaka saba ipo kweli kwenye sheria. Inasema kuna dhana kwamba ni vyema mtoto aliye chini ya miaka saba akae na mama yake. Haisemi popote kwamba akitimiza saba anahamia kwa baba kama mkataba wa nyumba ulioisha. Hata chini ya saba dhana hiyo inaweza kuangushwa, kwa mfano mama akiwa mlevi asiyejua mtoto amekula nini. Juu ya saba hakuna upande unaopewa upendeleo, na sheria inaonya pia dhidi ya kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamishahamisha. Kama amezoea shule, rafiki zake na bibi yake Morogoro, baba aliyerudi baada ya miaka mitano na gari jipya atahitaji sababu nzito kuliko gari. Mtoto mwenye umri wa kujieleza ataulizwa anataka nini. Jibu lake linapewa uzito, ingawa halimfungi hakimu. Mara nyingi afisa ustawi wa jamii hutumwa kutembelea nyumba zote mbili na kuandika taarifa, na taarifa hiyo ndiyo wazazi wengi huidharau mpaka inaposomwa mahakamani.

Maneno matatu huchanganywa hapa. Kukaa na mtoto ni kuwa naye kila siku. Kumwona ni haki ya asiyekaa naye, na kwa kweli ni haki ya mtoto pia. Matunzo ni chakula, ada, mavazi, matibabu. Haya matatu hayauziani. Baba anayesema "ananinyima mtoto wikendi, kwa hiyo situmi hela" amemnyima mtoto chakula kwa kosa la mtu mwingine. Mama anayesema "hatumi hela, kwa hiyo hamwoni" naye amefanya vilevile. Kila mmoja ana amri yake ya kwenda kuiomba mahakamani, na yule ambaye ubaba wake unapingwa anaweza kuomba kipimo cha vinasaba kwa amri ya mahakama hiyohiyo.

Asiyeridhika na hukumu ana siku za kuhesabika za kukata rufaa. Zikipita bila kuomba kuongezewa muda, mgawanyo wa nyumba na kiwanja unabaki ulivyo hata kama bei ya eneo lile itapanda mara kumi. Amri ya mtoto haiko hivyo. Aliyepewa mtoto akihamia machimboni na kumwacha kwa jirani, au asiyepewa akapata nyumba na muda aliokuwa hana, faili linaweza kufunguliwa tena mwaka kesho, au mwaka wa tano, na hakimu ataanza upya na swali lilelile la mtoto anakula wapi, analala wapi, na nani anamwamsha kwenda shule.